Nyama Yako, Mifupa Yangu: Adhabu ya Mtoto Inapopita Mpaka

Usiku wa Jumatano moja ya mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya Swala ya Isha, mama mmoja alisimama mlangoni pa ofisi ya msikiti wetu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Hakutaka kuketi. Alimgeuza mtoto, akaipandisha kanzu yake hadi mabegani, akatuacha tutazame. Mgongo mzima ulikuwa na michirizi iliyovimba, na mahali pawili ngozi ilikuwa imepasuka. Zahanati walikuwa wamemsafisha majeraha, lakini muuguzi aliulizia fomu ya polisi, ile PF3 inayojulikana na kila mtu, na baba wa mtoto alikuwa amekataa katakata kwenda kituoni kumshitaki ustadhi. Mama alikuwa na swali moja tu: "Katibu, hii ni adabu au ni jambo jingine?"

Sisi tunaoandika makala haya ndio tuliokuwa nyuma ya meza ile, na usiku ule hatukuwa na jibu. Tulimpa pole, tukaandika jina la mtoto katika daftari, tukaahidi kwamba kamati itakutana Jumapili.

Jumapili ilipofika, mambo yalijulikana upesi. Kosa la mtoto lilikuwa kushindwa kusoma Suratul-Buruj kwa moyo. Kilichotumika kumpigia ni kipande cha mpira wa bomba la maji. Idadi ya mapigo, kwa hesabu ya wanafunzi wenzake, ilikuwa kumi na tisa. Ustadhi mwenyewe alipoulizwa alisema hakuhesabu. Kisha akasimama baba wa mtoto, akasema hana shitaka lolote, kwa kuwa siku alipomleta mwanawe madrasa alitamka yale maneno ambayo baba yake naye aliyatamka kwa ajili yake: nyama yako, mifupa yangu. Wazee watatu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba yeye alipigwa kuliko hivyo, na leo ni mzee wa msikiti. (Tulitamani kumwuliza wako wapi wenziwe waliokimbia madrasa kwa ajili ya fimbo, maana hao hawamo katika kamati kutoa ushahidi wao. Heshima ilituzuia.)

Basi swali la mama lilikuwa limezaa la pili. La kwanza ni kujua adhabu iliyopita kiasi ni ipi mbele ya sheria. La pili ni kama ridhaa ya mzazi yaweza kuihalalisha. Kamati ilitutwika kazi ya kuyatafutia majibu yote mawili, katika sheria ya nchi na katika fiqhi, na tunayaleta hapa mbele ya wazazi wasomaji kwa kuwa tunaamini msikiti wetu si wa pekee katika jambo hili.

Tuanze na Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 13, katika kifungu chake cha sita, inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama, au kupewa adhabu inayomtweza. Maneno hayo ni matatu na kila moja lina uzito wake. Kutesa na unyama huonekana kwa macho, katika damu na mfupa. Kutweza ni kumshusha mtu chini ya daraja la utu, na hilo laweza kufanyika hata bila ya alama mwilini, kama vile kumvua mtoto nguo mbele ya wenziwe au kumvisha ubao wenye maneno ya kumfedhehesha. Wengi wetu hudhani kwamba sheria hupima adhabu kwa maumivu peke yake. Sivyo ilivyo.

Mahakama zetu ziliwahi kulichimbua jambo hili katika kesi nzito kuliko ya fimbo. Mwaka 1994, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kuwa hukumu ya kifo ni adhabu ya kinyama na yenye kutweza, na kwa hiyo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo kweli ni ya kinyama na inatweza, lakini ikasema kuwa Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 30, inaruhusu sheria kuweka mipaka ya haki kwa maslahi ya umma, na hivyo hukumu ya kifo ikabaki. Waislamu twaweza kuwa na maoni yetu juu ya kisasi na uhai, na si mahali pake hapa. Linalotuhusu ni jinsi majaji walivyolijengea hoja. Hata muuaji hatolewi nje ya ulinzi wa ibara ile. Kosa lake halikuwafanya majaji waseme kuwa lolote analotendewa si unyama. Na kilichoinusuru hukumu ya kifo ni kwamba ilisimama juu ya sheria iliyoandikwa. Mpira wa bomba haujapata kuandikiwa sheria na mtu yeyote.

Upo pia usemi mwingine wa mahakama ambao watu huuchanganya na huu. Mfungwa anapokata rufaa akidai kifungo chake ni kirefu, mahakama ya juu haikipunguzi kwa sababu tu jaji wa juu angetoa kidogo zaidi. Huingilia pale adhabu ilipopita kiasi kwa uwazi usiohitaji darubini, au ilipojengwa juu ya msingi mbovu. Hapo kipimo ni uwiano wa adhabu na kosa, nacho hutumika baada ya mtu kusikilizwa, kutiwa hatiani na kupewa nafasi ya kujitetea. Mtoto wetu wa miaka tisa hakuwa na hata moja katika hayo. Alikuwa amesahau aya.

Kwa upande wa watoto, Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kifungu chake cha 13 ndicho kilichotufungua macho. Kifungu hicho kwanza kinarudia katazo la kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kinyama na yenye kutweza, hata kama jambo lenyewe limevikwa vazi la mila. Kisha kinaleta kipimo. Kumrudi mtoto hakuwi na uhalali ikiwa aina ya adhabu au kiwango chake si cha busara kwa kutazama umri wa mtoto huyo, hali ya mwili wake na hali ya akili yake. Na ikiwa mtoto, kwa udogo wake au kwa sababu nyingine, hawezi kufahamu anaadhibiwa kwa lipi, basi adhabu hiyo haina uhalali kabisa, hata ikiwa nyepesi.

Tuyatazame maneno hayo kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna jibu la nusu ya swali letu. Aina na kiwango ni vitu viwili mbalimbali. Pigo moja la mpira wa bomba laweza kuwa kosa kwa aina yake kabla hata hujahesabu la pili. Mapigo mengi ya kijiti chepesi yaweza kuwa kosa kwa kiwango. Tena kipimo kimefungwa kwa mtoto huyu aliye mbele yako: kinachovumiliwa na kijana wa miaka kumi na sita hakiwi hoja kwa mtoto wa miaka tisa, na kinachovumiliwa na mtoto mzima wa afya hakiwi hoja kwa mwenye selimundu au pumu. Nia njema ya mwalimu haikutajwa. Wala haikutajwa ridhaa ya mzazi.

Wazee wa kamati waliposikia hayo walisema kwamba ni sheria za kisasa zisizojua malezi. Kwa hiyo tulilazimika kuwasimulia kisa cha zamani, tena cha huko huko kwa Waingereza ambao wazee hupenda kuwataja kwa fimbo za shule zao.

Mwaka 1860, katika mji wa Eastbourne ulio pwani ya kusini mwa Uingereza, alikuwako mwalimu aitwaye Thomas Hopley aliyekuwa na shule yake binafsi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana wa miaka kumi na tano, Reginald Cancellor, mzito wa kujifunza, ambaye mwalimu alimhesabu kuwa mkaidi. Hopley alimwandikia baba wa kijana akimwomba idhini ya kumwadhibu, hata kwa ukali ikibidi, na baba akamjibu kwa barua kwamba ameridhia. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Ile ilikuwa ndiyo nyama yako, mifupa yangu, kwa wino na karatasi.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili mwalimu yule alimpiga kijana kwa muda mrefu kwa fimbo ya kutembelea na kamba ya kurukia. Asubuhi kijana alikutwa amekufa kitandani, mwili umefunikwa, mikono imevishwa glavu na miguu soksi ndefu ili majeraha yasionekane. Ilielezwa kwamba amekufa kwa maradhi ya moyo. Ndugu yake hakuridhika, akataka mwili uchunguzwe, na uchunguzi ukafichua mambo mawili: kipigo kisichosemeka, na maji yaliyojaa ndani ya ubongo wa marehemu. Ule ukaidi ulikuwa ni ugonjwa.

Mbele ya mahakama Hopley alijitetea kwa barua ya baba. Jaji Mkuu Cockburn hakukana kwamba mzazi ana haki ya kumrudi mwanawe, wala kwamba anaweza kumkabidhi mwalimu haki hiyo. Lakini alieleza kwamba haki yenyewe ni ya adhabu ya wastani na yenye busara tu. Ikitolewa ili kushibisha hasira, au ikiwa imepita kiasi katika aina au kiwango chake, au ikarefushwa kuliko mtoto awezavyo kustahimili, au ikatumia chombo kisichofaa na chenye hatari, hiyo si adhabu halali tena, na matokeo yake yote yako juu ya mpigaji. Hopley alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka minne pamoja na kazi ngumu.

Sheria ya Uingereza iliingizwa Tanganyika pamoja na utawala wa Waingereza, na hata leo mahakama zetu hutambua misingi ya sheria ile kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hivyo maneno ya Cockburn juu ya aina na kiwango yalitufikia zamani sana, na atakayeyaweka kando ya kifungu cha 13 cha mwaka 2009 atausikia mwangwi wake. Si kipimo cha jana. Na jawabu lake kwa barua ya baba yule ni kwamba mzazi hawezi kumpa mwingine haki ambayo yeye mwenyewe hanayo. Baba asiye na ruhusa ya kumpasua mwanawe ngozi hana ruhusa hiyo ya kumgawia ustadhi.

Wazazi wengi watauliza juu ya shule za serikali, ambako fimbo bado ipo. Ipo kweli, lakini imefungwa kamba pande zote. Kanuni za adhabu ya viboko zilitungwa mwaka 1979, na zilipotungwa upya mwaka 2002 idadi ya juu ilishushwa hadi viboko vinne. Ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Huchapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike hachapwi na mwalimu wa kiume pale alipo mwalimu wa kike. Fimbo iwe nyepesi na yenye kunesa, na mahali ni kiganjani au makalioni juu ya nguo. Kisha huandikwa katika daftari: jina, kosa, idadi na aliyechapa. Tunajua, na wasomaji wanajua, jinsi kanuni hizo zinavyovunjwa. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na mwalimu akashitakiwa kwa mauaji. Hata hivyo kanuni ipo, na mzazi wa shule anaweza kuishika mkononi. Madrasa haimo katika kanuni hizo. Kuna waliofurahi kusikia hivyo katika kikao chetu, wakidhani kwamba sasa madrasa ina uhuru zaidi. Mambo ni kinyume: ustadhi hana hata ile ruhusa ya viboko vinne ya kujifichia. Amebaki uso kwa uso na kifungu cha 13.

Ndugu zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Fimbo iliondolewa katika shule zao mwaka 2001, na Katiba yao ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2011, hivyo wasomaji wa Visiwani wasiyachukue maelezo ya Bara kama yalivyo.

Sasa tuje kwenye fiqhi, ambako wazee walitusubiri kwa hamu.

Kila tulipozungumza, tulisomewa ile hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Hadithi ipo na hatuikwepi. Lakini tuisome vizuri. Kati ya saba na kumi pana miaka mitatu ya kuamrisha kwa maneno peke yake, na swala ni mara tano kwa siku. Huo ni ukumbusho unaopita mara elfu tano kabla ya fimbo kutajwa. Mtoto wetu alikuwa na miaka tisa. Na jambo lenyewe ni swala, nguzo ya dini, wala si kukwama katika aya ya tano ya sura.

Zaidi ya hayo, kupiga kulikotajwa na wanazuoni ni kupiga kusikoumiza sana: kusikovunja, kusikopasua, kusikoacha alama, na kusikogusa uso, kwa kuwa Mtume (SAW) amekataza kumpiga mtu usoni. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya Abu Burda al-Ansari kwamba mtu asipigwe zaidi ya mapigo kumi ila katika hadi miongoni mwa hadi za Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wametofautiana katika kuifasiri, wengine wakampa mtawala nafasi kubwa zaidi katika adhabu za taaziri, lakini hatukumwona aliyesema kwamba ustadhi wa watoto ana nafasi kubwa kuliko hiyo kumi. Bibi Aisha (RA) naye amesimulia kwamba Mtume (SAW) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa katika jihadi. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu utotoni, na hakusikia kwake hata neno la kuchoshwa.

Mapokezi yaliyotugusa zaidi ni ya Abu Masud al-Badri, yaliyomo katika Sahihi Muslim. Alikuwa akimpiga mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake, na kwa hasira hakuitambua. Alipogeuka akamwona Mtume (SAW), akimkumbusha kwamba uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya yule kijana. Abu Masud alimwacha huru palepale, na akaambiwa kwamba lau asingefanya hivyo Moto ungemgusa. Kilichotushika ni ile hasira iliyomfanya asiitambue hata sauti ya Mtume. Mtu wa namna hiyo hawezi kuhesabu.

Na kuhesabu ni jambo ambalo wanazuoni wetu walilitilia mkazo zamani. Muhammad bin Sahnun wa Kairuani, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za walimu wa watoto, na humo adhabu kwa ajili ya kusoma Qur'ani haizidi mapigo matatu. Hata kwa mchezo na uvivu haifiki zaidi ya kumi. Al-Qabisi, wa mji huo huo, aliyefariki mwaka 403 Hijria, alifuata njia hiyo, akawakataza walimu kupiga wakiwa na hasira na kupiga kichwa au uso. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake alieleza kwamba ukali huwadhuru wanafunzi, hasa wadogo: huua uchangamfu wao, huwazoeza uvivu, na huwafundisha uongo na hila ili waikwepe fimbo. Hawa hawakuwa watetezi wa haki za watoto waliotumwa kutoka ng'ambo. Walikuwa mafakihi, na vyuo walivyoviandikia vilikuwa vyuo vya Qur'ani kama chetu. Tatu kwa Qur'ani. Sisi tulikuwa na kumi na tisa.

Tulipowasomea wazee hayo, kikao kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo baba wa mtoto alipouliza kwa sauti ya chini kama idhini yake basi haikuwa na maana yoyote. Tulimjibu kwamba ina maana, na ni kubwa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa upwa huu tumelelewa nayo, wamesema mwalimu hana ruhusa ya kumpiga mtoto bila ya idhini ya walii wake. Lakini idhini hiyo humfungulia mlango wa adhabu ya kisheria tu. Tena katika madhehebu hayo hayo, ruhusa ya kumrudi mtoto imeshikamanishwa na usalama wa matokeo yake. Likitokea jeraha au mauti, mpigaji anabeba dhamana, kwa sababu ilikuwapo njia ya maneno na makemeo ambayo ingefikisha makusudio bila ya madhara. Wamaliki na Wahanbali ni wepesi zaidi kwa mwalimu ambaye hakuvuka desturi. Anayevuka, hana wa kumtetea katika madhehebu yoyote.

Kwa hiyo jaji wa Kiingereza wa mwaka 1860 na fakihi wa Kishafii wanakutana mahali pamoja: baba alitoa alichokuwa nacho, na hakuwa na ruhusa ya kujeruhi.

Limebaki jambo ambalo si rahisi kuliandika. Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 95, inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuiarifu serikali ya mtaa wake. Sisi tulikuwa na taarifa tangu usiku wa Jumatano, tena tuliiona kwa macho yetu. Tulipeleka barua kwa afisa ustawi wa jamii siku ya kumi na moja. Siku hizo kumi zilipita katika kuogopa jina la msikiti kuchafuka na katika kumhurumia ustadhi. Na ustadhi huyo anastahili kusemewa kwa haki: anafundisha watoto themanini na watatu peke yake, katika banda lisilo na feni, kwa posho ya shilingi elfu sitini kwa mwezi, ambayo miezi mingine haikamiliki. Hajapata kufunzwa na yeyote namna ya kukiongoza chumba cha watoto wengi. Alifundishwa kwa mpira, naye akafundisha kwa mpira. Alilia kikaoni, na tunaamini machozi yake yalikuwa ya kweli. Hayo yote tuliyaandika katika barua. Lakini kuyaandika siku ya pili kungefaa zaidi kuliko siku ya kumi na moja, na kosa hilo ni letu.

Afisa alikuja, akamsikiliza mama na mtoto faraghani, akamsikiliza ustadhi, na shauri liko mikononi mwake. Kamati imemsimamisha ustadhi kufundisha kwa sasa. Fimbo na mpira vimeondolewa bandani. Fomu ya kumwandikisha mtoto imebadilishwa: mzazi hutia sahihi kwamba mwanawe hatapigwa, na huandika ugonjwa wowote alionao mtoto na mambo anayoyaona kuwa mazito kwake katika kujifunza. Darasa limegawanywa mara mbili, asubuhi na alasiri, na dada wawili waliohitimu wanasaidia wadogo. Baba wa mtoto hajatupa mkono baada ya swala tangu barua ilipokwenda. Mama amemrudisha mtoto kwenye zamu ya alasiri, na dada yake mkubwa humsikiliza Suratul-Buruj nyumbani kabla hajaja.

Kuna suala moja ambalo kamati haijalimaliza. Gharama za zahanati na dawa zilifika shilingi elfu arobaini na saba, na mama alizilipa kwa kukopa katika kikundi chake. Kwa hukumu ya dhamana tuliyoieleza, fedha hizo ziko juu ya ustadhi. Wapo wajumbe wanaosema kwamba kamati iliyomwachia mtu mmoja watoto themanini na watatu na posho isiyotimia nayo ni mpigaji, na ibebe sehemu yake. Sisi tumeandika hoja zote mbili katika muhtasari bila ya kuegemea upande, ijapokuwa moyoni tunaielekea ya pili. Mama hajadai chochote. Ajenda hiyo ni ya kwanza katika kikao cha Jumapili ijayo.